Datsun 240Z ya Mjomba: Anza na Kutu na Breki, Injini Itasubiri

Swali: Msomaji wa Buruburu amepewa na mjomba wake Datsun 240Z ya mwaka wa 1972, ambayo imekaa bandani miaka mingi bila kuwashwa. Ana kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, sanduku la spana na jeki, na muda wake ni Jumamosi na Jumapili. Anauliza aanzie wapi, kazi ipi aifanye mwenyewe na ipi ampelekee fundi, na kama ni busara kuing'oa injini iliyopo na kuweka 2JZ ya Toyota au RB25 ya Nissan, kulishusha gari na kulivisha rimu pana.

Jibu: Ndugu yangu, mfikishie mjomba wako shukrani zangu kwa kulihifadhi gari hilo badala ya kuliuza kama vyuma chakavu. Nitakujibu moja kwa moja: anza na bodi, ufuate na breki na usukani, kisha umeme na upoozaji, na injini uiguse mwisho. Injini ya RB25 au 2JZ usiiweke. Nitaeleza sababu, lakini kwanza ujue ni gari gani ulilo nalo, maana uamuzi wote unategemea jambo hilo.

Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo, baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa ndani ya Datsun 1800 SSS. Kwa hiyo 240Z yenye usukani wa kulia, iliyoishi Nairobi tangu zama hizo, ni sehemu ya historia ya barabara zetu wenyewe. Magari ya aina hii yanazidi kupungua, na mengi yaliyobaki yamekatwa na kuunganishwa ovyo. Ndiyo maana kanuni yangu ni kwamba lolote utakaloongeza liweze kuondolewa kwa spana, na usikate bati ambalo halikuoza.

Kabla ya kufungua bolti yoyote, linganisha nambari ya chesisi iliyopigwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dereva na ile iliyoandikwa kwenye logbook, yaani hati ya umiliki wa gari. Kwa gari la usukani wa kulia, nambari ya 240Z huanza na HS30. Linganisha pia nambari ya injini iliyopigwa kwenye bloku. Kama kuna tofauti, au kama umiliki haujahamishwa kutoka kwa mjomba kuja kwako, lishughulikie hilo kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, sasa, wakati mjomba yupo na anaweza kuthibitisha, kabla hujatumia hata shilingi moja kwa rangi.

Pili, jizuie kuiwasha. Najua hamu uliyo nayo, na najua atatokea rafiki mwenye betri na nyaya za kuazimana moto. Injini iliyokaa miaka mingi huwa imekauka oili kwenye kuta za silinda na kwenye kamshafti (fimbo inayofungua valvu), na dakika moja ya kuizungusha kwa stata inaweza kukwaruza kile ambacho muda haukukiharibu. Toa plagi zote sita, mimina oili kidogo katika kila silinda, iache siku kadhaa, kisha fungua kifuniko cha juu na uilowanishe kamshafti kwa oili. Baada ya hapo zungusha injini kwa mkono, kwa spana iliyoshika bolti ya puli ya mbele. Ikizunguka bila kukwama, funga plagi, ifunike na uiache. Hiyo inatosha kwa mwaka wa kwanza.

Sasa tuje kwenye kutu, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo magari haya hufia. 240Z haina chesisi iliyo kando na bodi. Sakafu, vizingiti vya chini ya milango na reli nyembamba zilizochomelewa chini ya sakafu ndivyo vinavyobeba uzito na mshtuko. Kwa hiyo tundu la sakafuni si suala la sura tu, ni udhaifu wa gari zima. Toa viti, mazulia na ule utando mweusi wa lami unaopunguza kelele, kisha gonga kila mahali kwa ncha ya bisibisi. Anza chini ya trei ya betri, ambako asidi hudondoka miaka na miaka na kula bati hadi kwenye reli ya mbele. Kagua sehemu iliyo chini ya kioo cha mbele, ambako majani hujikusanya na kuziba matundu ya kutolea maji. Angalia vizingiti, pembe za chini nyuma ya milango, shimo la gurudumu la akiba, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Pale ambapo bisibisi inazama, au sauti ya chuma inageuka kuwa ya karatasi, weka alama kwa chaki. Usishangae ukikuta fundi wa zamani amejaza puti juu ya kutu na kupaka rangi. Hiyo yote lazima itoke hadi chuma king'ae.

Kulehemu unaweza kujifunza nyumbani, lakini sharti utumie mashine ya mig, ile inayolehemu kwa waya mwembamba unaotoka wenyewe, kwa sababu ile ya vijiti inayotumika kwa mageti na madirisha hutoboa bati hili. Tumia bati jipya lenye unene wa kama milimita 1, kata kiraka kilingane na tundu, kisha chomea vidoti vilivyoachana, ukiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuacha chuma kipoe, kwa sababu ukiburuta moto mfululizo paneli itajikunja na haitarudi. Kabla ya kukata kizingiti chochote, chomelea bomba la chuma kwa muda ndani ya uwazi wa mlango, ili bodi isilegee na kuinama. Ukisahau hili, milango haitafunga tena sawasawa, na hakuna puti itakayolificha kosa hilo. Jizoeze kwanza kwenye vipande vya mabati vya kutupa hadi mkono wako utulie. Toa tangi la petroli na ulipeleke mbali na kibanda kabla ya cheche ya kwanza, ondoa betri, tenganisha nyaya za alteneta, na uwe na kizima moto karibu. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari zaidi kuliko lililojaa, na lisilehemuwe na mtu yeyote asiye na ujuzi wa kulisafisha. Ukimaliza, paka praima ya epoksi, na ndani ya vizingiti na reli mimina nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya kutolea maji, ambayo lazima yaachwe wazi.

Ikiwa reli za mbele zilizobeba injini zimeoza, au gari limewahi kugongwa na kupinda, hiyo si kazi ya kibandani. Lipeleke kwa fundi wa bodi mwenye fremu ya kupimia na kunyoosha. Wako hodari Industrial Area na Kariobangi, lakini mwombe akuonyeshe gari alilolifungua na halijapakwa rangi bado, maana rangi nzuri huficha lehemu mbaya.

Rangi yenyewe usiipige nyumbani. Msasa, puti nyembamba na praima ni kazi yako, na ukifanya vizuri utaokoa fedha nyingi. Lakini rangi za kisasa za kuchanganya na kigandisho zina isosayaneti, sumu inayoweza kuharibu mapafu moja kwa moja, na barakoa ya vumbi haizuii chochote. Zinahitaji chumba maalumu na hewa safi inayoletwa kwa bomba. Panga pia majira. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba hurudisha kutu juu ya chuma kilicho wazi kwa usiku mmoja, na baridi ya Julai huchelewesha rangi kukauka. Kazi ya bati tupu huenda vizuri Januari na Februari.

Gari likiwa juu ya stendi, na narudia stendi, si jeki wala mawe, fungua mfumo wa chini. Nyuma utakutana na pini ndefu inayopita katika mkono wa chini wa kila gurudumu, na karibu kila mara imeshikana na bushi zake. Watu wengi huipiga nyundo hadi nyuzi zake zinavimba na kuharibika kabisa. Inyunyizie dawa ya kulegeza kutu kwa siku nyingi, tumia kivutio cha skrubu, na ikikataa kata bushi pembeni mwake kwa msumeno. Bushi hupatikana, pini ni shida. Bushi mpya nakushauri ziwe za mpira. Zile ngumu za poliyuretheni zinafaa uwanja wa mashindano, lakini kwenye mashimo yetu hupeleka kila mshtuko kwenye bodi, na zikiwekwa pande zote mbili za fimbo ya mbele inayozuia mkono wa chini kurudi nyuma, fimbo hukosa nafasi ya kujinyumbua na inaweza kuvunjika. Springi za magari haya zimebanwa ndani ya shokabsoba zilizosimama, na kuzifungua bila kibanio madhubuti kunaweza kuua. Kama huna kibanio, zitoe zikiwa nzima umpelekee fundi.

Kulishusha gari nakukataza. Matuta ya Nairobi yatakung'oa ekzosi, na pembe za magurudumu ya nyuma zitaharibika. Kuhusu rimu, ukubwa wa inchi 15 wenye tairi za 205/60 unatosha kabisa, kwa kuwa kimo chake kinakaribiana sana na tairi za asili za 175 za inchi 14, hivyo kipima mwendo hakitapotoka sana na tairi hazitakwaruza bodi. Rimu za asili zifungie stoo.

Breki ndizo marekebisho ya kwanza ninayoyaunga mkono kwa moyo wote, na hapa mtu wa Nairobi ana bahati ambayo wenzake wa nchi nyingine humwonea wivu. Gari hili lilitoka na diski mbele na ngoma nyuma. Kalipa, yaani vibanio vya pedi kwenye diski, za Toyota Hilux ya 4x4, za miaka ya 1979 hadi 1985, zenye alama ya S12+8, zina pistoni nne na hufungwa kwenye matundu yale yale ya 240Z. Utahitaji kukata kidogo bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski, na kutengenezewa bomba jipya fupi la mafuta ya breki. Spea za Hilux ziko Kirinyaga Road kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Nunua kalipa, uzifungue na kuziwekea sili mpya mwenyewe, polepole, mezani pasipo vumbi. Hakikisha mapema kwamba rimu ulizochagua hazigusani nazo.

Hata hivyo, kalipa kubwa bila mabomba mazima ni hatari. Badilisha mabomba yote ya chuma, mipira yote ya breki, na masta silinda. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na yaliyokaa miaka mingi huwa yamekula chuma kutoka ndani, mahali jicho halifiki. Vumbi lililomo ndani ya ngoma za nyuma usilipulize kwa hewa wala kulipangusa likiwa kavu, kwa sababu viatu vya breki vya zama hizo vilitengenezwa kwa asbesto. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, ulifute na kitambaa, na kitambaa ukifunge kwenye mfuko. Ukishatoa hewa yote kwenye mabomba, mwite fundi wa breki unayemwamini aikague kazi yako kabla gari halijasogea. Hili si suala la uwezo wako. Macho ya pili kwenye breki ni desturi ya karakana yoyote inayojiheshimu.

Umeme nitaupitia upesi. Swichi ya taa iliyo kwenye usukani hubeba mkondo wote wa taa kubwa, ikapata moto na kuungua. Weka rilei mbili (swichi za umeme za kubeba mkondo mkubwa) karibu na betri, na swichi itabaki na kazi ya kuamuru tu. Kisanduku cha fyuzi huyeyuka kwenye nyaya za taa ndogo, kwa hiyo kikague na usafishe kila kiungo. Alteneta yenye kidhibiti cha ndani ni mabadiliko mema na yanaweza kurudishwa.

Injini yako, ikiwa ndiyo ya asili, ni L24: silinda sita zilizopangana mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kamshafti moja juu inayoendeshwa kwa mnyororo, bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini. Ni injini ngumu kupita kiasi. Pima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kusema ni mbovu, na ulinganishe silinda moja na nyingine. Rekebisha nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa. Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4, na nyaya za plagi zilizochanganywa ndizo chanzo cha kesi nyingi za injini inayokohoa. Tumia oili ya 20W-50 yenye zinki ya kutosha, kwa kuwa mikono inayosukuma valvu husugua kamshafti moja kwa moja na oili nyingi nyepesi za kisasa hazina kinga hiyo. Hedi ikifunguliwa kwa sababu yoyote, mwambie mtu wa mashine akague viti vya valvu na kuweka vigumu pale vilivyo laini, kwa maana petroli yenye risasi iliondolewa nchini kufikia mwaka wa 2006 na viti laini huliwa polepole.

Kabureta ndizo zinazowasumbua wengi, na sababu kubwa ni kimo cha mji wetu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 18. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani humimina petroli nyingi mno huku: plagi hugeuka nyeusi, moshi huwa mweusi, na nguvu hupotea, kisha mtu analaumu injini. Zile Hitachi mbili zilizomo zina nati ya chini ya kurekebisha mchanganyiko. Anza kwa mizunguko miwili na nusu kushuka kutoka juu, kisha endesha na usome rangi ya plagi. Sawazisha pumzi za kabureta zote mbili kwa kusikiliza mlio wake kupitia kipande cha mpira sikioni, na ujaze oili katika mitungi yake ya juu, ambayo mafundi wengi huisahau. Andika daftarini idadi ya mizunguko uliyoishia. Siku utakayoshuka Mombasa itakubidi uongeze petroli kidogo, maana mchanganyiko uliokondeshwa kwa Nairobi ukifika pwani huwa mkavu, injini hupata moto na kugonga kwenye mteremko na kwenye mwendo mrefu.

Kimo hicho hicho huathiri maji ya rejeta. Maji ya wazi huchemka Nairobi kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Kinacholinda injini kwenye foleni ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni ni kifuniko cha rejeta, ambacho kwa gari hili ni cha kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba. Kikiwa kizima, kiwango cha kuchemka hupanda hadi karibu 115. Nunua kipya, uitoe rejeta ikaoshwe ndani, ubadilishe thamostati na mipira yote, na usitumie maji matupu bila dawa ya kupoozea (coolant). Mtu atakayekwambia uondoe thamostati ili gari lipoe, mshukuru na uendelee na kazi yako.

Nimefika kwenye RB25 na 2JZ. Zinapatikana mjini na mafundi wanazijua, hilo ni kweli. Lakini ukiziweka utakata ukuta wa mbele au vishikizo vya injini, difarensha ya asili (gia za nyuma zinazopeleka nguvu magurudumuni) haikutengenezwa kubeba nguvu hizo, bodi iliyoundwa kwa kilo elfu moja na kidogo itajisokota, na utajikuta unabadilisha kila kitu kimoja baada ya kingine hadi 240Z iliyobaki ni milango na jina. Ukitaka nguvu zaidi, tafuta L28, ndugu yake mkubwa wa sentimita za ujazo 2,753, ambayo ilitumika pia katika Nissan Patrol za zamani. Hukaa kwenye vishikizo vile vile na hupokea giaboksi ile ile. Utahamisha tu sampu ya oili (bakuli la chini ya injini) na bomba lake la kufyonzea kutoka L24 yako. Nguvu za ziada utazisikia tangu gia ya pili. L24 ifunge kwa oili na nailoni, uihifadhi pamoja na nambari yake, na uhakikishe nambari ya injini mpya imeingizwa NTSA pamoja na risiti ya ununuzi. Ukibadilisha rangi ya gari, hiyo nayo lazima iandikishwe.

Kwa spea, usitupe kipande chochote cha zamani hata kikiwa kimevunjika, kwa sababu ndicho sampuli. Beringi na sili nyingi zina nambari au vipimo vilivyochapwa juu yake, na ukienda dukani na nambari hiyo badala ya jina la gari, mara nyingi utapewa kitu kile kile kwa bei ya kawaida. Mipira ya milango na ya mlango wa nyuma iagize nje iwe sahihi. Ule wa nyuma ukivuja, moshi wa ekzosi hufyonzwa ndani ya gari, na moshi huo una sumu isiyo na harufu.

Siku ya kuwasha, zungusha injini kwa stata bila plagi hadi kipimo cha oili kipande, ndipo urudishe plagi na uipe moto. Safari za kwanza ziwe Jumapili alfajiri, karibu na nyumbani, ukikanyaga breki taratibu mara nyingi ili pedi na diski zizoeane, na kila ukirudi ukague kila kiungo cha mafuta ya breki na kila bolti ya magurudumu. Baada ya kama kilomita 800 badilisha oili, rudia kupima valvu, na ukaze tena vishikizo vya kabureta na bolti zote za mfumo wa chini.